Misingi ya Upangishaji wa Tovuti: Seva, Umeme na Njia za Mawasiliano

Utangulizi

Seva ya kwanza ya tovuti duniani iliwashwa mwishoni mwa mwaka 1990 katika maabara ya CERN, karibu na mji wa Geneva nchini Uswisi. Mwanasayansi aliyeibuni, Tim Berners-Lee, alibandika juu ya kompyuta hiyo karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu, ikionya kwamba mashine ile ni seva na isizimwe. Onyo hilo lilihitajika sana, kwa maana wakati huo mpita njia yeyote aliyebonyeza kitufe cha umeme angaliweza kuzima tovuti zote zilizokuwapo ulimwenguni.

Tangu siku hizo tovuti zimeongezeka kupita kiasi, na mashine zimekuwa na nguvu nyingi zaidi. Lakini sharti la karatasi ile halijabadilika. Katika miji ya Afrika Mashariki wako vijana waliohitimu mafunzo ya kompyuta ambao huanzisha biashara ya kupangisha tovuti, yaani kuziweka tovuti za shule, maduka, hospitali na vyama vya ushirika katika mashine zao kwa malipo ya kila mwezi au kila mwaka. Wengi wao huanza wakidhani kwamba kinachouzwa ni nafasi katika diski. Sivyo. Nafasi katika diski ni bidhaa rahisi. Anachonunua mteja hasa ni ahadi mbili: kwamba tovuti yake itapatikana kila inapotafutwa, na kwamba yaliyomo hayatapotea.

Makala haya yanakusudia kueleza misingi ya ufundi inayoziwezesha ahadi hizo kutimizwa, hata na kampuni yenye mashine mbili au tatu tu. Katika kila hatua msomaji ataombwa akumbuke swali moja: chombo hiki kikiharibika leo, mteja atapoteza nini?

Seva ni nini?

Neno seva hutumika kwa maana mbili. Kwanza ni programu inayosubiri maombi na kuyajibu. Pili ni kompyuta yenyewe inayobeba programu hiyo. Msomaji anapoandika jina la tovuti katika kivinjari cha simu yake, kivinjari hutuma ombi. Programu ya seva hulipokea, hutafuta ukurasa uliotakiwa, na kuurudisha. Programu zinazotumika sana kwa kazi hii, kama vile Apache iliyoanza mwaka 1995 na nginx iliyotolewa mwaka 2004, hupatikana bila malipo, na huendeshwa juu ya mfumo wa Linux ambao nao haulipiwi. Kwa hiyo gharama kubwa ya anayeanza haiko katika programu.

Kompyuta yoyote ya kawaida inaweza kufanya kazi ya seva, lakini kompyuta iliyoundwa kwa kazi hiyo hutofautiana na ile ya mezani katika mambo matatu. La kwanza ni kumbukumbu yake. Katika kumbukumbu ya kawaida, tarakimu moja inaweza kugeuka kutoka 0 kuwa 1 kwa hitilafu ndogo ya umeme au kwa mnururisho, na hakuna atakayejua mpaka hesabu ya mtu iwe imeharibika. Kumbukumbu ya seva huwa na tarakimu za ziada ambazo huiwezesha mashine kugundua kosa kama hilo na kulisahihisha papo hapo. La pili ni mtambo wa kupokea umeme: seva nzuri huwa na mitambo miwili, ili mmoja ukiungua mwingine uendelee. La tatu ni diski, ambazo huweza kutolewa na kubadilishwa bila ya kuizima mashine.

Diski zinastahili maelezo zaidi. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 hivi. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, data inayotakiwa husubiriwa kwa milisekunde 4 kabla haijapita chini ya kichwa cha kusomea. Diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka hujibu kwa muda ulio karibu na sehemu moja ya kumi ya milisekunde moja. Wateja 50 wanapoitumia mashine moja kwa wakati mmoja, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama tovuti zitafunguka mara moja au zitasuasua. Diski zinazozunguka bado zina faida yake, kwa kuwa ni za bei nafuu. Zinafaa kwa kuweka nakala za akiba ambazo hazisomwi mara kwa mara.

Hesabu ya mnyororo

Ili ukurasa mmoja umfikie msomaji, vyombo vingi havina budi kufanya kazi kwa pamoja: umeme, seva, swichi ya mtandao, ruta, na njia ya kampuni ya mawasiliano. Vyombo hivi vimefungamana kama pete za mnyororo. Pete moja ikikatika, mnyororo wote umekatika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mwaka una saa 8,760. Chombo kinachofanya kazi kwa asilimia 99 ya muda huonekana kuwa ni kizuri. Lakini asilimia moja inayobaki ni saa 87.6, yaani zaidi ya siku tatu na nusu kila mwaka. Sasa tuseme kampuni ina vyombo vitano vya namna hiyo vilivyofuatana. Uwezekano wa vyote vitano kuwa vizima kwa wakati mmoja ni 0.99 kuzidishwa kwa nafsi yake mara tano, ambayo ni takriban 0.951. Asilimia 4.9 ya mwaka ni takriban siku 18. Hivyo kampuni ambayo kila chombo chake kinaonekana kizuri itakuwa imezimika kwa zaidi ya nusu ya mwezi.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ulio wa faraja. Ikiwa mahali pa chombo kimoja cha asilimia 99 pamewekwa viwili, na kimoja kinatosha kuifanya kazi, basi huduma itakatika tu pale vyote viwili vinapoharibika kwa pamoja. Uwezekano wa jambo hilo ni 0.01 mara 0.01, yaani 0.0001, ambao kwa mwaka ni takriban dakika 53. Siku tatu na nusu zimegeuka kuwa chini ya saa moja, na hakikununuliwa chombo cha ajabu; kimenunuliwa cha pili kilicho sawa na cha kwanza.

Hata hivyo hesabu hii ni ya kweli kwa sharti moja tu: visababishi vya kuharibika visiwe vya pamoja. Seva mbili zilizochomekwa katika soketi moja ya umeme si mbili. Njia mbili za mawasiliano zinazopita katika mtaro mmoja ulio kando ya barabara si mbili; katapila moja linalochimba mtaro wa maji litazikata zote kwa mkupuo mmoja. Kazi kubwa ya fundi ni kutafuta mahali ambapo vitu viwili vinavyoonekana mbalimbali kwa hakika ni kimoja.

Umeme na joto

Tuseme kampuni ina seva tatu, swichi na ruta, na kwamba vyote kwa jumla vinatumia wati 600. Kwa siku moja hizo ni uniti 14.4 za umeme, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 432. Anayepanga bei ya huduma yake bila ya kuihesabu gharama hii atajikuta amefanya kazi ya kuilipia kampuni ya umeme.

Umeme wa gridi hukatika, na kukatika huko si kwa mtaa mmoja tu kila mara. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu katika nchi nzima ya Kenya, na sehemu nyingi zilikaa gizani kwa saa nyingi. Hata katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, jenereta la akiba lililohudumia baadhi ya majengo ya abiria lilikataa kuwaka. Tukio hilo linafunza kwamba jenereta lisilojaribiwa haliwezi kuhesabiwa kuwa lipo. Mafundi wenye uzoefu huliwasha kila mwezi, tena kwa kulibebesha mzigo kamili wa mashine, wala hawatosheki kusikia mlio wake tu.

Kati ya kukatika kwa umeme na kuwaka kwa jenereta hupita sekunde kadhaa au dakika kadhaa, na muda huo hauna budi kujazwa na betri. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200 katika karatasi. Lakini betri ya risasi na asidi haipaswi kutumiwa kupita nusu yake, la sivyo hufa mapema. Na kifaa kinachobadili umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani nacho hupoteza kiasi chake. Kwa hiyo zinazotumika kwa hakika ni kama wati-saa 500. Kwa mzigo wa wati 600, betri hiyo itadumu kwa dakika zisizozidi 50 ikiwa mpya, na pungufu zaidi ikizeeka. Muda huo watosha kuwasha jenereta au kuzima mashine kwa utaratibu. Kuzima ghafula ni hatari zaidi kuliko kuzima kwenyewe, kwa sababu data iliyokuwa ikiandikwa wakati ule huachwa nusu nusu.

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Kwa hiyo mashine zetu za wati 600 zinakipasha chumba joto sawa na watu sita walioketi humo usiku na mchana bila kutoka. Chama cha wahandisi cha ASHRAE cha Marekani hupendekeza kwamba hewa inayoingia katika seva iwe na joto la kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Mjini Dar es Salaam, ambako hewa ya mchana katika miezi ya kaskazi hupita nyuzi 30, chumba kidogo kisicho na kiyoyozi hakitimizi sharti hilo. Na kiyoyozi nacho ni pete mojawapo ya mnyororo: kikizimika huku seva zinaendelea, joto litapanda kwa dakika chache tu. Kipimajoto kinachotuma ujumbe kwa simu ya fundi ni chombo cha bei ndogo chenye manufaa makubwa.

Anwani na majina

Kila mashine iliyounganishwa na intaneti hutambuliwa kwa anwani ya tarakimu, iitwayo anwani ya IP. Utaratibu wa zamani, ambao ungali unatumika sana, una anwani za tarakimu 32 za 0 na 1. Jumla yake haiwezi kupita 4,294,967,296, na akiba kuu ya dunia ilimalizika mwezi wa Februari mwaka 2011. Utaratibu mpya una tarakimu 128, na anwani zake hazitarajiwi kwisha. Kwa bara la Afrika kazi ya kugawa anwani ni ya shirika la AFRINIC lililoko Mauritius, lakini kampuni ndogo kwa kawaida hupewa anwani chache na kampuni inayoiunganisha na intaneti.

Uchache wa anwani hauizuii kampuni kupangisha tovuti nyingi. Kivinjari kinapotuma ombi hutaja pia jina la tovuti kinayoitaka. Hivyo tovuti mia zaweza kukaa nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wengi wanavyotumia sanduku moja la posta na kila barua ikawa na jina la mwenyewe.

Majina nayo hutafsiriwa kuwa anwani na seva za majina. Mtu anapotafuta tovuti, kwanza kompyuta yake huiuliza seva ya majina anwani ya jina hilo. Seva ya majina isipojibu, tovuti haitapatikana hata kama mashine inayoibeba ni nzima kabisa. Tarehe 4 Oktoba 2021 huduma za Facebook zilitoweka duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, kwa sababu kosa katika matengenezo lilizikata njia za kuzifikia seva zake za majina. Ikiwa jambo hilo laweza kuipata kampuni tajiri namna ile, kampuni ndogo haina budi kuwa na angalau seva mbili za majina, zilizo katika majengo mbalimbali na zinazopita katika njia mbalimbali za mawasiliano.

Liko jambo jingine la manufaa kwa mwenye kuhama kutoka kampuni moja ya mawasiliano kwenda nyingine. Kila jibu la seva ya majina hubeba muda ambao linaruhusiwa kukumbukwa. Muda huo ukiwa ni saa 24, wako watu watakaoendelea kutumwa kwenye anwani ya zamani kwa siku nzima baada ya kuhama. Fundi mwangalifu huupunguza hadi sekunde 300 siku mbili kabla ya kuhama, kisha huurudisha baadaye.

Umbali na mikongo ya bahari

Mwanga hupita katika nyuzi za kioo kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwendo huo ni mkubwa, lakini una kikomo. Kwa njia ya kilomita 1,000, kwenda na kurudi huchukua milisekunde 10. Kwa njia ya kilomita 10,000, kama zile za kutoka pwani yetu mpaka Ulaya, huchukua milisekunde 100. Kabla ya sehemu ya kwanza ya ukurasa kuonekana, kwa kawaida huwapo safari tatu za kwenda na kurudi: ya kufungua mawasiliano, ya kukubaliana juu ya siri ya usimbaji, na ya kuuomba ukurasa wenyewe. Basi msomaji wa Mwanza anayefungua tovuti iliyopangishwa Dar es Salaam husubiri milisekunde 30 hivi za njiani, na kama tovuti hiyo hiyo imepangishwa Ulaya husubiri milisekunde 300 au zaidi. Hakuna mashine, hata iwe ghali namna gani, iwezayo kuufuta umbali huo.

Umbali una hatari kuliko huo ucheleweshaji. Mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na ule wa EASSy ulianza kazi mwaka 2010. Mwezi wa Februari 2024 mikongo kadhaa, ukiwamo wa Seacom, iliharibika katika Bahari ya Sham, na mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki yakaelekezwa kusini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya Seacom na EASSy ilikatika kwa wakati mmoja upande wa kusini, katika bahari ya kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zikajikuta na intaneti iliyokatika au iliyolegea kabisa. Hapa tena inaonekana ile kanuni ya hesabu: njia mbili zilizoonekana kuwa mbalimbali ziligeuka kuwa moja.

Dawa ya sehemu ya tatizo hili ipo nchini. Kenya ilianzisha kituo chake cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, mwaka 2000. Kikafungwa kwa mabishano ya leseni na kufunguliwa tena mwaka 2002. Tanzania ilianzisha chake, TIX, mwaka 2004 mjini Dar es Salaam. Katika vituo hivyo kampuni za mawasiliano huunganisha mitandao yao moja kwa moja, ili ujumbe wa kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine usilazimike kuvuka bahari. Tovuti iliyopangishwa nchini, katika mtandao uliounganishwa na kituo hicho, yaweza kuendelea kusomwa na wananchi hata mikongo ya bahari ikikatika. Lakini ni sharti viungo vyake vyote viwe nchini. Ikiwa seva zake za majina ziko ng'ambo, au ukurasa wake unaomba herufi na picha kutoka mashine za ng'ambo, faida hiyo itapotea kwa kukosa kitu kidogo.

Upana wa njia nao unahitaji kuhesabiwa. Ukurasa wenye picha unaofikia megabaiti 2 ni megabiti 16. Njia inayotoa megabiti 20 kwa sekunde kwa hiyo yaweza kutuma kurasa 75 kwa dakika moja, na si zaidi. Siku ya kawaida hiyo yatosha; siku ambayo shule imetangaza orodha ya waliochaguliwa, haitoshi hata kidogo. Picha zikipunguzwa ukubwa hadi ukurasa uwe nusu megabaiti, njia ile ile itahudumia watu mara nne. Na ikumbukwe kwamba huduma nyingi za intaneti za nyumbani na ofisini hutoa upana mkubwa wa kupokea na mdogo wa kutuma, ilhali kazi ya seva ni kutuma.

Ulinzi

Seva inapounganishwa na intaneti, majaribio ya kuivunja huanza baada ya muda mfupi sana. Wanaojaribu si watu walioketi wakiichagua kampuni hiyo; ni programu zinazobisha hodi katika kila anwani duniani. Kwa hiyo udogo wa kampuni si kinga.

Kanuni za ulinzi si ngumu. Milango isiyohitajika ifungwe: kwa tovuti milango inayohitajika ni namba 80 na 443. Mlango wa fundi, ambao kwa kawaida ni namba 22, ufunguliwe kwa ufunguo wa kidijitali badala ya neno la siri, kwa sababu maneno ya siri hukisiwa. Mabadiliko ya usalama ya programu yawekwe mara yatolewapo. Kila tovuti iwe na cheti cha usimbaji. Tangu shirika la Let's Encrypt lilipoanza kutoa vyeti bila malipo mwishoni mwa mwaka 2015, gharama haiwezi tena kuwa kisingizio.

Kanuni ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ni kuwatenganisha wapangaji. Katika mashine moja yenye tovuti 40, haikosekani moja ambayo mwenyewe ameitelekeza na programu zake zimezeeka. Ikivunjwa hiyo, mvunjaji asiweze kuingia katika nyingine 39. Kila mteja apewe akaunti yake, data zake na mipaka yake ya kumbukumbu, kama vile nyumba ya kupanga inavyokuwa na ukuta na kufuli kwa kila chumba.

Nakala za akiba

Seva nyingi huandika data katika diski mbili kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine ibaki. Mpango huo ni mzuri, lakini si nakala ya akiba. Mteja akifuta kumbukumbu zake kwa bahati mbaya, au mvunjaji akiziharibu, diski zote mbili zitatii amri hiyo kwa uaminifu ule ule.

Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyeumia, lakini tovuti nyingi zilizimika, na baadhi ya wateja hawakuzipata tena data zao. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru kampuni hiyo kumlipa fidia mteja ambaye nakala zake za akiba zilikuwa zimewekwa katika jengo lile lile lililoungua. Nakala zilikuwapo, kosa lilikuwa mahali pake.

Kanuni inayokubaliwa na mafundi wengi ni ya tarakimu tatu: nakala 3, katika aina 2 za vyombo, na 1 kati yake iwe mahali pa mbali. Kwa kampuni ya Dar es Salaam, nakala ya mbali yaweza kutumwa kila usiku Arusha au Dodoma, ikiwa imesimbwa. Si lazima kutuma kila kitu. Hutumwa yale tu yaliyobadilika siku hiyo. Tena ni vema mashine ya akiba ndiyo iingie katika seva kuu na kuchukua data, wala seva kuu isiwe na funguo za kuingia katika mashine ya akiba. Kwa njia hiyo, atakayeivunja seva kuu hataweza kuifikia akiba na kuifuta.

Lakini nakala isiyojaribiwa ni kama lile jenereta lisilowashwa. Kila mwezi fundi achague tovuti moja, airudishe kutoka katika akiba kwenye mashine tupu, na aandike katika daftari ilichukua muda gani na nini kilikosekana.

Mashine ikae wapi?

Baada ya maelezo hayo, anayeanza ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kuziweka seva ofisini mwake. Njia hii humfunza mengi, lakini humbebesha peke yake mzigo wa betri, jenereta, kiyoyozi, mlinzi na njia mbili za mawasiliano. Ya pili ni kuinunua seva yake na kuiweka kwa kodi katika kituo cha data, kama vile kituo cha taifa kilichoko Dar es Salaam, au vituo vya binafsi vya Dar es Salaam na Nairobi. Humo gharama za umeme na ubaridi hugawanywa kati ya wapangaji wengi. Ya tatu ni kukodi nafasi katika mashine za ng'ambo na kuwauzia wateja wa hapa. Mtaji wake ni mdogo kuliko zote, lakini umbali na mikongo hubaki kuwa tatizo, na malipo hutakiwa kwa fedha za kigeni.

Iko pia hoja ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya kukusanya taarifa za watu na kuzipeleka nje ya nchi. Nchini Kenya ipo sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019. Anayepangisha tovuti ya zahanati yenye majina ya wagonjwa hana budi kujua majina hayo yanalala nchi gani.

Kwa kampuni ndogo yenye wateja wa nchini, njia ya pili ndiyo inayoelekea kuwa bora: seva moja nzuri katika kituo cha data cha nyumbani, na mashine ya bei nafuu katika mji mwingine kwa ajili ya nakala za akiba na seva ya pili ya majina. Chumba cha ofisi kibaki kuwa mahali pa kujifunzia na kujaribia mageuzi kabla ya kuyapeleka kwa wateja.

Hitimisho

Imeonekana kwamba mashine zenyewe ni sehemu ndogo ya kazi hii. Uimara wa huduma hutokana na kujua pete ipi ya mnyororo ni moja tu, na kuiongezea ya pili iliyo mbali nayo kweli. Fedha zikiwa haba, zitumike kwanza kwa kile ambacho kikipotea hakirudi. Tovuti iliyozimika kwa saa tatu itamkasirisha mteja, lakini itawashwa tena. Orodha ya wanachama wa ushirika na hesabu za mauzo ya kahawa yao ya miaka mitano, zikipotea bila nakala, hakuna fundi awezaye kuzifufua.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza bei na kutafuta wateja, mwenye kampuni na achukue karatasi, aorodheshe kila chombo kilicho kati ya data za mteja na simu ya msomaji, na mbele ya kila kimoja ajibu kwa maandishi lile swali la mwanzo: kikiharibika leo, mteja atapoteza nini? Palipo na jibu la kutisha ndipo pa kuanzia kazi.